Tabulo ya kolone tatu

Mwaka huu wa masomo nimesoma memwari sita za wadogo zetu wa informatiki, na ndani ya nne nimekuta tabulo ile ile. Kolone tatu: AWS, Azure, Google Cloud. Mistari kumi na kitu: hesabu ya huduma, hesabu ya nchi, sehemu ya soko, usalama, na kadhalika. Karibu kila fasi kuna alama ya ndiyo. Halafu sentensi moja ya mwisho: tumechagua AWS ju ndo ya kwanza duniani. Asistanti anaweka sahihi, juri inapiga makofi, tunaenda kunywa.

Sisemi hivi kwa kucheka mutu. Ile tabulo mimi mwenyewe niliiandika, tena nikaenda kuitumikisha kwa mteja mwenye alitoa franga zake.

Mteja alikuwa depo moja ya madawa hapa Bukavu. Siye tulikuwa watatu, tumetoka tu masomo, tukamtengenezea programu ya stoki: nini imeingia, nini imetoka, nini itaisha muda mwezi ujao. Tukaweka kila kitu kwa mmoja wa wale wakubwa, ju alikuwa anatoa krediti ya bure ya kuanzia. Kadi ya Visa ilikuwa ya mwenzetu mmoja, na email ya akaunti pia yake. Krediti ikaisha, faktura zikaanza kukatwa kwa kadi. Mwenzetu akapata kazi Kinshasa, kadi ikaisha muda, maonyo yakawa yanaingia ndani ya email yenye hakuna mutu alikuwa anaifungua tena. Jumatatu moja programu ikakataa kufunguka. Akaunti imesimamishwa.

Ilichukua siku tisa. Mama mfamasia alirudia kaye na biki, na akauza mara mbili karton moja ya madawa ya malaria kwa wateja wawili, ju kaye ya asubuhi na ya jioni hazikukutana. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, madawa iko hapa kwangu. Hesabu yake iko kwa nani?"

Ile kampuni haikukosa kitu. Kanuni iliandikwa kwa mkataba na hatukuisoma. Lakini kati ya mistari kumi na miwili ya tabulo yangu, hakuna hata mmoja uliouliza: faktura italipwa na nani, kwa njia gani, siku mwenye kadi hayuko? Hili haliko swali dogo kwetu. Mwaka 2025, wakati benki za Goma na Bukavu zilifunga milango, hata watu wenye hawajue klaudi ni nini walilielewa.

Shida ya zile tabulo ni kwamba ziliandikwa kwa kampuni yenye idara ya feza, kadi yake yenyewe na intaneti yenye haikatike. Siye tunazikopi na maswali yake, kisha tunashangaa ju majibu hayatufai. Tunaandika kwamba AWS iko na huduma zaidi ya 200. Ni kweli. Depo ilitumia tatu: mashine moja, hifadhidata, na fasi ya kuweka bakapu.

Mstari wa "ukaribu" ndo unanisumbua zaidi. Azure ilifungua Johannesburg mwaka 2019, AWS Cape Town mwaka 2020, Google Johannesburg mwaka 2024. Mwanafunzi anaangalia ramani, anasema: Afrika Kusini ni karibu kuliko Ulaya, tumemaliza. Lakini data haifuate ramani, inafuata kebo. Mutu wa Lubumbashi anaweza kutokea Kasumbalesa, apite Zambia, ashuke kusini. Kwake ile hoja inaweza kusimama. Siye wa Bukavu mara mingi tunatokea kwa majirani, Rwanda ao Uganda, mpaka kebo za bahari kule Mombasa. Kutoka pale, kushuka kusini ni bahari tena. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikaona intaneti inakokota. Nchi moja, majibu mawili, na memwari zote nne zilikuwa na jibu moja. Hakuna mwenye alikaa kwa mteja, akafungua traceroute, akaandika vile pakiti inapita, asubuhi na tena jioni wakati kila mutu iko kwa WhatsApp.

Tena tusiabudu milisekonde. Mwanga ndani ya faibara unatembea karibu kilometa 200,000 kwa sekonde, ni kusema kila kilometa 1,000 za njia inaongeza milisekonde 10 hivi kwa kwenda na kurudi. Mwenye kuuza paracetamol hawezi kusikia ile tofauti. Kitu anasikia ni kukatika.

Kisha kuna bei. Mimi niliandika paka bei ya mashine kwa mwezi. Sikuandika bei ya data yenye inatoka. Kwa AWS, kwa maeneo yake mengi ya Marekani na Ulaya, gigabaiti 100 za kwanza za mwezi ni bure, halafu karibu senti 9 za dola kwa kila gigabaiti. Ukitosha gigabaiti 2,000, ni dola 171 juu ya bei ya mashine. Hetzner ya Ujerumani, kwa seva zake za Ulaya, inaweka angalau terabaiti 20 ndani ya bei. Hii Hetzner haikuwa ndani ya memwari hata moja, wala OVH ya Ufaransa, ju haziko ndani ya zile tabulo tunakopi.

Hata hivyo wadogo wasiwe malaika. Tarehe 10 Machi 2021 jengo moja la OVH liliungua kule Strasbourg, na kuna wateja walipoteza data yote ju bakapu zao zilikuwa fasi ile ile. Wakubwa nao wanaanguka: tarehe 20 Oktoba 2025 AWS ilisumbuka kule Virginia, na programu nyingi duniani zikazima saa mingi.

Mstari wenye ningeweka wa kwanza sasa ni wa kutoka. Mwaka 2024 Google, AWS na Microsoft walitosha malipo ya data kwa mteja mwenye anahama kabisa, sheria mpya ya Ulaya ikiwa inawasukuma. Vizuri. Lakini kifungo cha kweli hakiko kwa yale malipo. Ukijenga juu ya DynamoDB, kuhama ni kuandika upya, ju hiyo iko kwa AWS tu. Ukijenga juu ya PostgreSQL, unabeba faili moja unaenda nayo popote, hata nyumbani. Siye tulijenga kwa kitu cha kule kule, ju masomo ya bure ya kwa video yalikuwa yanakionyesha. Kutoka kulitugharimu miezi miwili.

Na ile kolone ya nne, yenye sijaona kwa mutu yeyote: mashine ya mteja mwenyewe, kwa kaunta yake. Juri itasema hiyo ni ya zamani. Lakini 37signals, kampuni ya Marekani yenye inatengeneza Basecamp, ilitangaza mwaka 2022 kwamba inatoka klaudi, na hawakukosa maarifa. Kwetu hoja haiko hata ya bei. Intaneti ikikatika, mgonjwa bado iko mbele ya kaunta.

Ndo vile tulirudia. Mashine ndogo ndani ya depo, batri na paneli ju SNEL tunaijua, PostgreSQL juu yake, na kila usiku kopi yenye imefungwa kwa siri inapanda kwa seva moja ya Ulaya. Ya pili inaingia kwa diski yenye Mama anabeba nyumbani. Akaunti iko kwa jina la depo, na kadi mbili: ya Mama na ya mdogo wake wa Lubumbashi. Email ya akaunti anaifungua yeye mwenyewe asubuhi, mbele ya kufungua mlango.