Chumvi Imekaa Wapi?

Bustani iliyosifiwa kuliko zote Lodwar msimu huu ina vitanda vilivyoinuliwa hadi gotini. Vimezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na sukuma wiki imepangwa kwa mistari iliyopimwa kwa kamba. Wageni wameipiga picha, na vikundi vya akina mama vimeletwa hapo kujifunza. Mimi niliiona saa nane mchana. Majani yalikuwa yamelala, na juu ya kila kitanda, shinani hasa, palikuwa na ukoko mweupe. Waliosifu walifika saa mbili asubuhi, maji yakiwa yametoka kumwagwa, na chokaa ya mawe ikawazuia kuuona weupe ule mwingine. Bustani ile inakufa. Akina mama nao wamerudi kwao Kanamkemer kuinua vitanda vyao, na hilo ndilo lililonifanya niandike.

Mboga za Turkana hukaguliwa saa nane mchana. Asubuhi kila bustani ni nzuri, hata ya mvivu. Joto hapa hufika nyuzi 35 siku nyingi za mwaka, na mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 250, kwa hiyo mchana ndio hutenga mizizi iliyoshuka na ile iliyobaki juu ikingoja ndoo. Sukuma iliyosimama saa nane ni ya fundi. Iliyolegea kisha ikajiinua saa kumi na moja isamehewe. Inayolala hadi magharibi imekwisha, hata mwenyewe akikuambia ni kiu tu. Na ukikuta mtu ananyunyizia majani maji jua likiwa utosini, usipoteze muda kumuuliza mbegu alinunua wapi.

Sasa weupe. Mgeni akiuona hudhani ni majivu au mbolea, kama ameuona. Mwenye ujuzi kidogo hushtuka na kusema udongo una magadi, shamba halifai. Wote wawili wamekosea. Chumvi utaikuta karibu katika kila bustani inayonyweshwa maji ya kisima kati ya Lodwar na Kakuma, na cha kutazama ni mahali ilipokaa. Jua huchukua maji na kuacha chumvi. Unyevu uliobaki ardhini hupanda kuelekea palipo juu na pakavu zaidi, ukiibeba chumvi njia nzima. Kitanda kilichoinuliwa kina mgongo, na mgongoni ndipo mboga ilipopandwa, kwa hiyo kila ndoo inayomwagwa inasogeza chumvi karibu na shina. Kitanda kilichozama, kilichochimbwa shibiri moja chini ya njia, huweka maji kwenye mizizi, na chumvi hupanda kwenye tuta la pembeni ambako hakuna kilichopandwa. Bustani ya fundi basi ina mstari mweupe juu ya tuta, na ndani ya kitanda, chini ya matandazo, udongo ni mweusi na wa baridi. Ukiuona mstari huo, mpe mwenyeji mkono kabla hujauliza lolote.

Mstari huo utazame vizuri. Ukiwa mwembamba na umenyooka, maji yanamwagwa kwa kipimo kilekile siku zote. Ukiwa mpana upande mmoja, kitanda kimeinama, na mboga za upande wa juu zitakuwa na kingo zilizoungua. Kingo hizo wengi huziita ugonjwa, wakakimbilia duka la dawa. Ukianza kushuka tutani kuelekea ndani, mwenyeji amekuwa akinyunyiza kidogo kidogo kila siku pale alipopaswa kumwaga maji mengi mara moja moja, yashuke na kuisukuma chumvi chini ya mizizi.

Mama mmoja Mkongomani wa makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei hulima lengalenga na matembele kwenye kitanda kisichozidi ukubwa wa mkeka. Mawingu yakianza kukusanyika, hulikwangua tuta lake, akautia udongo mweupe kwenye karai na kwenda kuumwaga mbali. Nilimuuliza kwa nini asiiache mvua isafishe. "Mvua itanirudishia kitandani," alisema, akaendelea kukwangua. Manyunyu ya kwanza huyeyusha chumvi ya tutani na kuiteremsha moja kwa moja kwenye mizizi, na ndiyo sababu watu hushangaa mboga zao kunyauka baada ya mvua waliyoililia. Mama huyu hajawahi kupewa cheti na mtu yeyote.

Matapeli wanaujua weupe huo kuliko wanaotoa vyeti. Jamaa mmoja wa Kakuma hukwangua vitanda vyake usiku wa kuamkia ziara, kisha hutandaza mchanga wa mto Tarach juu yake, na asubuhi kila kitu ni safi. Lakini mchanga wa laga, yaani mto wa msimu, una chembe kubwa zinazometa, na udongo uliolimwa na kutiwa samadi mwaka mzima hauwi hivyo. Chomeka kidole hadi kifundo cha pili. Ukivuka mchanga ukakutana na ganda gumu, umedanganywa. Mwingine alinunua sokoni sukuma zilizong'olewa na mashina yake, zimesafiri kwa lori kutoka Kitale, akazichomeka kitandani saa chache kabla ya wageni. Vuta jani la chini kwa ghafla. La mboga iliyoshika ardhi hukatika na kuacha kovu bichi. Shina la kuchomekwa hukufuata mkononi.

Tabia ya kushangilia maji kabla ya kuyaonja si ya wageni wa bustani peke yao. Mwaka 2013 nchi nzima ilisherehekea habari za akiba kubwa ya maji chini ya uwanda wa Lotikipi, hukuhuku Turkana. Vipimo vya baadaye vikaonyesha kwamba yana chumvi nyingi mno. Mkulima wa Kakuma angeyaonja kwanza.

Vitanda vya kuinuliwa vina kwao. Kisii, ambako mvua huozesha mizizi, inueni. Huku ujuzi wa kulima bondeni haukuletwa na mradi wowote. Wanawake wa Kiturkana walipanda mtama kando ya Turkwel na Kerio vizazi na vizazi, pale mafuriko yalipojaa na kuondoka, kila mama na kipande chake. Mafuriko yaliosha chumvi na kuacha tope jipya. Bwawa la Turkwel lilipoanza kazi mwaka 1991, maji yakazuiwa korongoni kwa ajili ya umeme, na mto haukufurika tena kwa desturi yake. Yuko bibi mmoja wa Nakwamekwi ambaye bado huonja udongo kwa ncha ya ulimi kabla ya kuamua atachimba wapi. Wajukuu zake wanapima kwa kamba. Mimi namwamini bibi.

Kuku wanaofugwa kando ya bustani hizi hawanisumbui sana, kwa kuwa kuku hafichi hali yake. Hao nao wakague saa nane. Kuku hana tezi za jasho. Hupoza mwili kwa kuhema, na anavyozidi kuhema ndivyo ganda la yai linavyokuwa jembamba. Gonganisha mayai mawili taratibu ukisikiliza. Sauti iwe kavu na ya juu. Yakilia kwa uzito, banda ni la mabati na maji yamewekwa juani, na hakuna chakula cha dukani kitakachorekebisha hilo. Maji yakae kwenye chungu, chini ya mwarobaini, na yabadilishwe mchana pia. Chanjo ya kideri irudiwe kila baada ya miezi mitatu. Hapo sina mjadala na mtu. Kuku wa kishingo ndiye kuku wa nchi hii. Mweupe afugwe Limuru, huku ni wa mwewe. Jogoo mwenye miguu mifupi simpendi, na sijamwona akizaa ukoo wa maana.

Halafu muulize mwenye kuku mayai ya kuatamiwa anayaweka wapi. Yai lenye mbegu likikaa kwenye joto la Lodwar huanza kukua kabla kuku hajalilalia, likafa humo humo, na mfugaji akamlaumu jogoo. Akikuonyesha trei juu ya kabati chini ya mabati, usinunue hata kifaranga. Akikupeleka kwenye mtungi uliozikwa nusu mchangani, penye kivuli, anaoumwagia maji pembeni asubuhi na jioni, tena mayai yaliyomo hayajapita wiki, lipa bei anayoitaja.