Sanaa ya Kuchunga Roho

Katika kazi zote alizokabidhiwa mwanadamu, siijui iliyositirika kama ya mchungaji wa kanisa, kwa kuwa sehemu yake ionekanayo, yaani mimbari na kanzu na sauti iijazayo nyumba ya ibada, ndiyo watu waihukumuyo kwa wepesi, ilhali sehemu iliyo nzito hutendeka faraghani, baina ya watu wawili waliokaa karibu, wala hapana shahidi wa kuisimulia ila dhamiri zao. Kwa hiyo namstahi mno Richard Baxter wa Uingereza, ambaye mwaka 1656 alitoa kitabu kuwaeleza wachungaji wenziwe, bila ya kuficha, namna kazi hiyo ya faraghani inavyotendwa.

Alifika Kidderminster, mji wa wafumaji nguo, mwaka 1641; vita vya wenyewe kwa wenyewe vikamwondoa, akarejea 1647 akakaa hata 1660, naye muda huo wote alikuwa mtu wa maradhi. Parokia yake ilikuwa na jamaa zipatazo 800. Yeye na msaidizi wake walizitenga Jumatatu na Jumanne, tangu asubuhi hata karibu na usiku, wakazungumza na jamaa 15 au 16 kila juma, kila jamaa kwa muda wa saa moja hivi, ili mwaka ukitimia pasiwe na nyumba iliyosahauliwa. Amekiri mwenyewe kwamba aliiahirisha kazi hiyo kwa muda mrefu, akihofu kuwa watu wataidharau na wachache tu ndio watakaokubali kuja. Alipoianza, akaona hofu zile karibu zote hazikuwa na msingi.

Ustadi wake hasa umo katika mambo madogo ambayo msomaji mwenye haraka atayapita. Amwonapo mtu ameshindwa kujibu, hamkazii wala hamwachi akae katika haya yake, bali huuchukua mzigo wa swali na kulijibu mwenyewe, au huligeuza hata liweze kujibiwa kwa ndiyo au siyo; maana alifahamu kwamba wako wengi wenye kuijua imani yao barabara ila hawana maneno ya kuieleza, na mwalimu asiyepambanua baina ya ujinga na ukosefu wa maneno humdhulumu mwanafunzi wake. Akishuku kuwa neno la kuonya litamfedhehesha mtu mbele ya watu wa nyumbani mwake, huomba wabaki wawili peke yao. Kwangu mimi hiyo ndiyo adabu iliyo juu ya elimu yote ya chuoni, nayo haipatikani ila kwa mtu aliyeketi na watu wengi, mmoja baada ya mmoja, akawasikiliza kwa saburi. Tena amesema wazi kwamba wapo waliosikiliza mahubiri miaka mingi bila ya kufaidi kitu, wakafahamu zaidi katika nusu saa ya mazungumzo ya karibu. Na hayo kayanena mhubiri hodari, si mtu aliyeionea wivu mimbari ya mwingine.

Kamati, ujenzi na hesabu za sadaka ni wajibu, wala simlaumu kiongozi anayezishughulikia kwa uaminifu. Lakini mchungaji asiyejua ni nani katika ushirika wake asiyelala kwa huzuni, na ni nani aliyekwisha kuacha kusali ingawa kila Jumapili yumo kanisani, huyo anaongoza jengo, na roho za watu zimo mikononi mwa bahati.

Mwaka 1660, mfalme aliporudishwa katika enzi, Baxter alipewa nafasi ya kuwa askofu wa Hereford. Aliikataa, akaomba arudishwe Kidderminster kwa wafumaji wake, na ombi lake halikukubaliwa.