Kitabu Chenye Uso

Vitabu vingi tunavisifu kwa yaliyomo, na mikono iliyovitengeneza hatuikumbuki. Conjuros y ebriedades, kitabu cha karakana ya Taller Leñateros mjini San Cristóbal de las Casas, kusini mwa Meksiko, hakikuruhusu kusahau. Hata hujakifungua, jalada linakukodolea macho: ni uso wa Kaxail, mungu wa kike wa nyika, uliofinyangwa kwa maboksi chakavu, ndevu za mahindi na kahawa.

Karakana hiyo ilianzishwa mwaka 1975 na mshairi Ambar Past, mzaliwa wa Marekani aliyehamia Chiapas, jimbo ulimo mji huo. Kwa zaidi ya miaka 20 alikusanya dua na nyimbo za wanawake wa Kimaya wasemao Kitzotzil, wengi wao wasiojua kusoma wala kuandika. Katika kitabu hicho mna maombi mazito, mna laana ya kumuua mwanamume mzinzi, mna na kago la kumziba mbwa mdomo asimbwekee mpenzi. (Mganga wa kwetu angeielewa haja hiyo bila mkalimani.) Picha nazo zilichorwa na wanawake wenyewe.

Wamaya walikuwa na vitabu vyao tangu zamani, lakini mwaka 1562, huko Maní, Yucatán, padri Mhispania Diego de Landa aliamuru vitiwe moto. Vitabu vya kale vya Wamaya vinavyojulikana leo kuwa vilinusurika ni vinne tu. Karatasi ya vitabu hivyo ilitokana na gome la mti wa jamii ya mkuyu, likapondwa na kupakwa chokaa. Baganda nao hutwanga gome la mutuba, ndugu wa mti huo, wakapata nguo. Basi mafundi wa Chiapas wanapochemsha majani na maganda, wakayaponda hadi yawe uji, wakauchota kwa chekeche na kuuanika, wanairudisha kazi iliyokatizwa kwa nguvu.

Juu ya karatasi ya namna hiyo, uchapaji wa skrini unataka subira. Kila rangi ina skrini yake; wino husukumwa kwa kibao chenye ukingo wa mpira, ukapenya palipoachwa wazi tu. Karatasi ikisogea kidogo, chui aliyechorwa anaota pua mbili. Tena nyuzi za mmea hazinywi wino sawasawa: hapa umekolea, pale umefifia. Mtambo wa kisasa ungeona kasoro. Mimi naona mkono wa mtu, na kwa hilo sina haja ya kuomba radhi kwa wapenda unadhifu.

Kinachoniudhi ni kukiona kitabu kama hiki kikiwekwa fungu moja na vinyago vya watalii, eti sanaa ya jadi. Watu waliotunga, wakachora, wakatengeneza karatasi, wakachapa na kujalidi ni wachapishaji kamili. Mahali pake ni rafu ya vitabu.