Pongezi kwa watunza uwanja wa Worcester

Wachezaji wanapokimbilia ndani kukwepa mvua, watunza uwanja ndio hutoka. Kriketi ya kaunti Uingereza huanza Aprili, mechi za ubingwa zikiwa za siku 4, na mvua ya huko haina adabu. Pale New Road, nyumbani kwa klabu ya Worcestershire, utawaona wakiburuta turubai hadi katikati ya uwanja, magoti yameloa, huku mashabiki wamejifunika blanketi wakinywa chai. Halafu kuna mto Severn, jirani mkorofi. Ukifurika haupigi hodi. Unaingia, unalala siku kadhaa, unaacha tope. Mwaka 2024 mafuriko yalisababisha mechi za mwanzo za nyumbani kuhamishiwa mji wa Kidderminster. Watunza uwanja walibaki na tope lao. Ukifika New Road, wapigie makofi kabla ya mpigaji yeyote.