Nyumba Iliyoifunika Kahawa: Makumbusho ya Karen Blixen na Msamiati wa Shamba

Utangulizi

Makumbusho ya Karen Blixen, yaliyoko chini ya vilima vya Ngong, nje kidogo ya jiji la Nairobi, huhesabiwa kuwa makumbusho ya mwandishi. Bibi aliyeishi humo tangu mwaka 1917 hadi 1931 aliandika kitabu kilichosomwa pande zote za dunia, na ni kwa ajili ya kitabu hicho, na zaidi kwa ajili ya filamu iliyotokana nacho mwaka 1985, wageni wengi hufunga safari ya kwenda huko. Makala haya yanakusudia kuyatazama makumbusho hayo kwa jicho jingine. Kabla ya kuwa nyumba ya mwandishi, nyumba hiyo ilikuwa makao ya shamba la kahawa. Kahawa ndiyo iliyomleta mwenyewe Kenya, na kahawa ndiyo iliyomfilisi na kumrudisha kwao. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba nyumba hiyo, kwa jinsi ilivyohifadhiwa, imelifunika zao lililoitegemeza. Na kwamba sehemu kubwa ya historia ambayo mgeni haioni vyumbani ingali imehifadhiwa mahali pengine, yaani katika msamiati wa Kiswahili.

Nyumba na zao

Kahawa haikuletwa Kenya na walowezi wa Ngong. Wamisionari Wakatoliki kutoka Ufaransa ndio wanaotajwa kuipanda kwanza, huko Bura katika vilima vya Taita, mwaka 1893. Lakini ni walowezi waliokuja baadaye ambao waliigeuza kuwa zao la mashamba makubwa. Nyumba inayozungumziwa hapa ilijengwa mwaka 1912 na Msweden, Åke Sjögren, kwa mawe na paa la vigae. Miaka mitano baadaye iliingia mikononi mwa Blixen na mumewe. Mtaji ulitoka kwa jamaa za bibi huyo huko Denmark, waliounda kampuni iliyoitwa Karen Coffee Company. Shamba halikupata kufanikiwa. Mahali penyewe palikuwa juu mno kwa kahawa, mvua haikuaminika, na bei ya soko la dunia ilipoanguka deni halikuweza kulipika. Mwaka 1931 shamba liliuzwa, likagawanywa viwanja, na leo mahali pake pana mtaa wa matajiri unaoitwa Karen. Baada ya Uhuru nyumba yenyewe ilitolewa na serikali ya Denmark kuwa zawadi kwa Kenya, na mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho ya taifa.

Mgeni anayeingia humo hupitishwa katika vyumba vya kulala, chumba cha kulia na maktaba. Baadhi ya vyombo ni vya asili. Vingine vilitumiwa katika filamu, kisha vikatolewa kwa makumbusho. Mabaki ya mitambo ya kahawa hayamo nyumbani. Yako nje, kwenye uwanja, na mgeni aliyekwisha kuiona nyumba aweza kuondoka bila kuyafikia.

Si haki kuwalaumu watunzaji kwa jambo hili. Nyumba yoyote iliyohifadhiwa kama makazi humweleza mkaazi wake; kitanda humtaja aliyelala, na meza humtaja aliyekula. Tatizo ni la namna yenyewe ya makumbusho. Kazi ya kahawa haikufanyika sebuleni. Blixen mwenyewe anaeleza kwamba alikuwa na eka 600 za kahawa, na kwamba kila eka ilichukua mibuni 600. Hesabu hiyo ni mibuni 360,000. Kila mmoja ulipaswa kuchimbiwa shimo, kupandwa, kupaliliwa na kupogolewa. Tena matunda ya kahawa hayaivi kwa pamoja. Mchumaji hulazimika kuurudia mti ule ule mara kwa mara, akichuma mekundu na kuyaacha mabichi. Mikono iliyoirudia miti hiyo haikuacha kiti wala kitanda cha kuwekwa chumbani. Je, iliacha nini?

'Farm' na shamba

Jibu la kwanza linapatikana katika kitabu chenyewe, kilichotoka mwaka 1937 kwa jina la Out of Africa katika Kiingereza, na Den afrikanske Farm katika Kidenishi. Yafaa kuchunguza jinsi mwandishi anavyoyagawa maneno. Ardhi yake yeye huiita 'farm'. Vipande walivyolima Wakikuyu ndani ya ardhi hiyo hiyo, jumla yake kama eka 1,000, huviita kwa Kiswahili, 'shamba'. Hivyo msomaji wa Kiingereza hupata kuamini kwamba hivi ni vitu viwili vya jinsi mbali: kimoja ni mali, kingine ni desturi ya wenyeji.

Kiswahili hakijui mgawanyo huo. Eka 600 za kahawa ni shamba, na robo eka ya viazi ni shamba. Aliyekuwa akienda kazini asubuhi alikwenda shamba, na aliporudi jioni kulima chakula chake alikwenda shamba vile vile. Tofauti iliyokuwapo haikuwa ya vitu bali ya haki, na haki hiyo ilitiwa ndani ya maneno kwa kulichukua neno moja la wenyeji na kulishusha cheo.

Ni lazima isemwe pia kwamba Blixen hakuwa kipofu. Katika kurasa zile zile anakiri kuwa wengi wa wale walioitwa maskwota walizaliwa hapo, na baba zao kabla yao, na kwamba huenda wao walimwona yeye ndiye skwota katika nchi yao. Shamba lilipouzwa, alihangaika katika ofisi za serikali mpaka watu hao wakapewa mahali pa kukaa pamoja, katika sehemu ya msitu wa Dagoretti. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyemshutumu vikali katika Detained (1981) na tena katika maandishi ya baadaye, alikuwa na sababu ya kufanya hivyo. Lakini mhakiki anayeisoma lugha ya kitabu hicho kwa makini atagundua kwamba shahidi mmojawapo wa mashtaka ni mwandishi mwenyewe.

Kibarua, kipande, skwota

Jibu la pili limo katika maneno matatu ambayo kila Mkenya anayajua.

Neno 'kibarua' ni udogo wa 'barua'. Lilianza kutumika pwani kwa cheti kidogo alichopewa mtu aliyefanya kazi ya kutwa, kisha likahama kutoka kwenye karatasi na kumwangukia mtu mwenyewe. Lilipofika bara na reli na mashamba, mtu na karatasi yake walikuwa wamekwisha kuwa kitu kimoja. Wanaisimu wanaofundisha uhamaji wa maana hawatapata mfano ulio wazi kuliko huu, wala wenye uchungu zaidi.

'Kipande' nacho ni sehemu iliyokatwa kutoka katika kitu kizima. Sheria ya kuwaandikisha wanaume wa Kiafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume alitakiwa kuchukua cheti chenye alama za vidole vyake na habari za kazi yake, na cheti hicho kilitiwa ndani ya kikopo cha chuma kilichovaliwa shingoni. Kipande kilikuwa mojawapo ya malalamiko yaliyomwinua Harry Thuku mwaka 1921 na 1922, pamoja na kupunguzwa kwa mishahara na kulazimishwa kwa wanawake na wasichana kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, yakiwamo ya kahawa. Kikopo kile kimekwisha zamani, lakini neno halikufa. Hata leo Mkenya akiulizwa kitambulisho chake huulizwa kipande.

'Skwota' ni neno la mkopo, na latofautiana na yale mawili kwa kuwa liliingia na sheria yake. Kwa sheria ya mwaka 1918 mtu aliyeishi katika ardhi ya mlowezi alipaswa kumfanyia kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Kiswahili kilikuwa na maneno ya mgeni, ya mpangaji na ya mtwana. Hakikuwa na neno la mtu anayelipa kwa nusu ya mwaka wake ruhusa ya kukaa alikozaliwa. Kwa hiyo kililichukua la Kiingereza, kikalipa wingi wa 'ma-', nalo lingali linasikika katika kila mjadala wa ardhi nchini.

Vina vya shambani

Kuna mahali katika kitabu cha Blixen ambapo panapaswa kuwagusa hasa wanaofundisha fasihi ya Kiswahili. Anasimulia kwamba jioni moja, vijana walipokuwa wakivuna mahindi, alianza kuwatungia beti za Kiswahili kwa mchezo, zenye vina lakini zisizo na maana. Vijana wakavingojea vina na kucheka vilipotimia, wakamwomba aendelee, wakiyafananisha maneno yake na mvua. Kutokana na hayo anatoa hukumu kwamba wenyeji hawakujua habari za mashairi, angalau kabla ya kuja kwa shule.

Kisa ni kizuri, na hukumu ni ya kosa mara mbili. Kwanza, lugha aliyoitumia ilikuwa na vina vilivyopangwa kwa kanuni kabla ya kuzaliwa kwa babu zake. Hati ya Utendi wa Tambuka ni ya mwaka 1728, na Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, alitunga Mombasa, mji uliokuwa umeunganishwa na Nairobi kwa reli tangu mwaka 1899. Pili, Wakikuyu waliokuwa mbele yake walikuwa na utungo wao, gĩcandĩ, ulioimbwa kwa kibuyu kilichochorwa alama. Utungo huo haukufuata vina vya Kizungu wala vya Kiswahili; lakini kukosa vina si kukosa ushairi.

Swali lililo muhimu zaidi ni hili: kwa nini mtu aliyeishi karibu na watu hao kwa miaka mingi asiusikie? Jibu ni la kiisimu. Kiswahili cha shambani kilikuwa kile ambacho wataalamu hukiita Kisetla, yaani lugha iliyovuliwa upatanisho wa kisarufi na kubakizwa amri: lete, ngoja, peleka, upesi. Mtu hatungiwi shairi kwa lugha ya kuamrishia. Walioijua lugha hiyo kwa ajili ya kahawa tu waliisikia kama chombo cha kahawa tu. Hata Kamante Gatura, mpishi wa nyumba hiyo, ambaye simulizi zake zilikusanywa na Peter Beard na kuchapishwa kwa Kiingereza mwaka 1975, anatufikia kama sauti ya jikoni. Sauti ya waliokuwa mibunini haijachapishwa.

Mbuni

Historia hiyo ya cheo cha maneno haikwisha na walowezi. Kwa muda mrefu Waafrika hawakuruhusiwa kupanda kahawa yao wenyewe. Ruhusa ilianza kutolewa kwa uchache katika miaka ya 1930, huko Kisii na Meru, na ikaenea baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Hatimaye wakulima wadogo wakawa nguzo ya zao hilo. Lakini katika orodha ya madaraja ya kahawa ya Kenya, yanayoanzia AA na kuteremka, neno la Kiswahili ni moja tu. Nalo ni 'mbuni', linalotumiwa kwa kahawa iliyoachwa ikakaukia katika ganda lake bila kumenywa wala kuoshwa. Mbuni nzito na mbuni nyepesi ndizo zilizowekwa chini kabisa. Jina la mti wenyewe, unaozaa madaraja yote, limekuwa jina la takataka yake.

Tena pwani, ambako mbuni haukulimwa kwa biashara, 'kahawa' ni neno la baraza, la vikombe vidogo na mazungumzo ya jioni. Bara, ambako ulilimwa, kwa wengi kahawa ilikuwa kitu cha kuchumwa, kupimwa na kupelekwa kwingine. Neno ni moja, lakini mmoja alilipokea kwa kunywa na mwingine kwa kubeba.

Hitimisho

Imejaribiwa kuonyeshwa hapa kwamba Makumbusho ya Karen Blixen yamehifadhi vizuri nyumba moja, na kwamba zao lililoitegemeza limehifadhiwa zaidi na lugha. Haifuati kwamba nyumba ifungwe au vyombo viondolewe. Yanayohitajika ni mambo mawili, na yote mawili yamo katika uwezo wa wanaotafiti lugha.

La kwanza ni njia ya kutembelea. Mgeni angeanzia nje, penye mitambo, na kupewa kwa Kiswahili na Kikuyu, si kwa Kiingereza peke yake, maneno ya kazi iliyofanyika hapo na maelezo ya chimbuko lake: kibarua, kipande, skwota, shamba, mbuni. Akiingia nyumbani baada ya hapo, ataitazama meza ile ile kwa macho mengine.

La pili ni haraka zaidi. Waliofanya kazi katika mashamba ya walowezi kabla ya Uhuru wamebaki wachache, nao ni wakongwe. Majina waliyoyapa mafungu ya mibuni, vipimo vyao vya debe na gunia, nyimbo za kuchumia, majina ya utani waliyowapa manyapara: yote haya ni msamiati usiomo katika kamusi yoyote. Mashamba mengi ya Kiambu yamekwisha kung'olewa mibuni na kujengwa nyumba, kama lilivyojengwa lile la Ngong. Idara za lugha za Afrika hazina uwezo wa kuirudisha miti. Zina wajibu wa kwenda kuandika maneno kabla ya wenye maneno kuondoka.