Mstari Unaotangulia Maji

Ramani ya uwanda mzima huanzia kwenye mstari mmoja. Katika majira ya baridi ya 1871 hadi 1872, karibu na Kanab, Utah, Almon Harris Thompson na wenzake walipima mstari wa maili 9 hivi kwa fito za mbao, ncha kwa ncha. Hapo hapakuwa na pupa, kwani kosa dogo la mwanzo lingekua kila ramani inapotanuka. Toka ncha mbili za mstari huo walipima pembe za vilele vya mbali; pembetatu ikazaa pembetatu, na Uwanda wa Juu wa Colorado, nchi kame iliyokatwakatwa na makorongo, ukaanza kukaa kwenye karatasi.

Waliowafuata walichungulia kwa darubini. Mwaka 1923 Claude Birdseye aliongoza timu ya Shirika la Jiolojia la Marekani kushuka Grand Canyon kwa mashua za mbao. Mshika ufito hutangulia. Mchoraji, Roland Burchard, husimamisha ubao wake juu ya miguu mitatu, huchungulia, husoma umbali na kimo, hutia nukta, kisha huchora jabali likiwa bado mbele ya macho yake. Hiyo ndiyo fahari ya ufundi ule: asiporidhika na mchoro, huinua macho na kuliuliza jabali lenyewe. Usiku mmoja wa Septemba, kwenye maporomoko ya Lava Falls, mto ulipanda karibu mita 6. Kazi iliendelea.

Walikuwa wakitafuta mahali pa mabwawa. Kontua huunganisha sehemu zenye kimo kimoja, na maji yaliyotulia hukaa kwenye kimo kimoja. Kwa hiyo kila kontua ya bondeni ni ufuko wa ziwa ambalo bado halijaja. Ukipima eneo ndani ya kontua moja, kisha ndani ya ile ya juu yake, unaweza kukadiria maji yatakayojaa kati ya kontua hizo mbili.

Korongo la Glen Canyon, kwenye mto huohuo, lilipimwa hivyo mwaka 1921. Machi 1963 bwawa la hapo lilianza kuzuia maji, na mwaka 1980 ziwa lake, Lake Powell, likajaa hadi kimo cha futi 3,700 juu ya usawa wa bahari. Mapindi ya mto na midomo ya makorongo iliyozama bado inasomeka kwenye karatasi zile. Wapimaji waliombwa kukadiria maji, wakatuachia pia bonde, kwa sababu walichora kila walichokiona kwa uaminifu uleule.