Sifa za Mkono Uliotulia

Ukipeleka kompyuta iliyogoma kwa fundi wa mtaani, dawa ya kwanza huwa ileile: ipigwe Windows upya. Fundi anachomeka flashi, anafuta, anasakinisha, na jioni mteja anaondoka na mashine inayowaka. Kwa mtu ambaye picha zake zote ziko kwenye simu, hilo linatosha. Kwa seva inayobeba rekodi za wagonjwa, matokeo ya wanafunzi au hesabu za chama cha ushirika, dawa hiyo ni sumu. Hapo anahitajika fundi wa aina nyingine, ambaye sifa zake huimbwa mara chache kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yake ni kutofanya kitu. Yeye anaangalia, anasoma, anahesabu, na mkono wake haugusi mpaka akili yake imeridhika.

Mkasa wenyewe huanza kwa nia njema. Mfumo endeshi wa seva umezeeka, na usiku mmoja watu wanaamua kuuhamishia toleo jipya. Katikati ya safari kisakinishi kinauliza swali juu ya diski, na mtu aliyechoka anakubali pendekezo la kutumia diski nzima. Au umeme unakatika wakati diski inaandikwa. Seva ikiwashwa tena, skrini inasema hakuna mfumo wa kuwasha, na mahali palipokuwa na patisheni nne panaonekana patupu. Mwenye seva anaamini kwamba kila kitu kimefutika.

Fundi ninayemsifu haamini upesi namna hiyo. Anajua kilichopotea kina ukubwa gani. Katika mpangilio uliokuja na kompyuta za IBM mwaka 1983, jedwali la patisheni hukaa kwenye sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512. Kati ya hizo, 446 ni za programu ndogo ya kuwashia mashine, 64 ni za jedwali lenyewe, yaani patisheni nne kwa baiti 16 kila moja, na mbili za mwisho ni alama ya kuthibitisha. Jedwali hilo ni daftari la mipaka ya mashamba: daftari likiungua ofisini, mihogo haing'oki ardhini. Diski inaweza kuwa na mabilioni ya baiti za kazi ya watu, zote zikiwa salama mahali pake, na kilichoharibika kikawa ni zile 64 tu zinazosema patisheni ipi inaanzia wapi na ina urefu gani.

Kwa hiyo jambo la kwanza analolifanya ni kuwazuia watu. Kama seva bado inapumua, isizimwe. Kerneli ya Linux husoma jedwali inapowaka na kuiweka mipaka hiyo kwenye kumbukumbu. Mtu akiliandika upya jedwali huku patisheni zikiendelea kutumika, kerneli hukataa kulisoma lile jipya na kushikilia la zamani. Sekta ya mwanzo ya kila patisheni na idadi ya sekta zake bado zinasomeka kwenye saraka ya /sys/block, na mtu mwenye kalamu anaweza kuzinakili kwa dakika moja. Akibonyeza kitufe cha kuwasha upya, kumbukumbu hiyo imekwenda. Hapa ndipo utulivu unapoonyesha thamani yake, kwa kuwa wote waliosimama karibu wanataka kitu kifanyike, na yeye anasema ngojeni kwanza.

Jambo la pili ni kuinakili diski nzima, sekta kwa sekta, kwenye diski nyingine. Kwa kazi hii wengi hutumia ddrescue, programu ya Antonio Diaz Diaz iliyotoka mwaka 2004. Hiyo huvuna kwanza maeneo yanayosomeka kwa urahisi, kisha huyarudia yale yenye ubovu, huku ikiandika kumbukumbu ya ilipofika ili kazi ikikatizwa isianze upya. Kunakili kunaweza kula usiku kucha. Fundi anavumilia, kwa sababu baada ya hapo kila jaribio litafanyika kwenye nakala, na kosa lolote litakuwa na dawa.

Sasa ndipo usomaji wenyewe unapoanza, na hapa kazi hii ina utamu ambao walio nje hawaujui. Kama diski ilitumia mpangilio mpya wa GPT, fundi anakwenda moja kwa moja kwenye sekta za mwisho kabisa, kwa maana GPT huweka nakala ya pili ya jedwali huko. Kisakinishi kilichovuruga mwanzo wa diski mara nyingi hakikugusa mwisho wake. Kama hakuna nakala, anatafuta alama za mifumo ya mafaili yenyewe. XFS huanza kwa herufi XFSB. Mfumo wa ext4 huweka namba EF53 baiti 1,080 kutoka mwanzo wa patisheni, na kwenye diski huonekana kinyume, 53 kisha EF. Alama hiyo imo ndani ya superbloku, kipande kidogo kinachojua mambo makubwa: bloku moja ina baiti ngapi, na mfumo mzima una bloku ngapi.

Tuseme amekuta superbloku inayoonyesha patisheni ilianzia sekta ya 2,048, ikiwa na bloku 26,214,400 za baiti 4,096. Kila bloku ni sekta nane, kwa hiyo urefu ni sekta 209,715,200, na sekta ya mwisho ni ya 209,717,247. Kama hesabu ni sahihi, patisheni inayofuata huenda inaanzia sekta ya 209,717,248. Anakwenda pale, anafungua, anatazama. Akikuta alama nyingine inamsubiri palepale alipoitabiri, furaha yake ni ya mwanahisabati, lakini ina uzito zaidi, kwa kuwa nyuma ya namba hizo kuna watu wanaosubiri rekodi zao.

Si kila alama ya kweli husema ukweli anaoutaka. Diski iliyotumika miaka mingi ina mabaki ya patisheni za zamani zilizofutwa kitambo, na alama zake bado zipo. Faili la mashine pepe lina mfumo kamili wa mafaili ndani yake, wenye superbloku yake. Aidha, ext4 hutawanya nakala za superbloku ndani ya patisheni, na mgeni wa kazi anaweza kuikuta nakala akaidhani ndiyo mwanzo. Anayejua huuliza swali moja zaidi: kila nakala imeandikiwa namba ya kundi la bloku ilimo. Ikijitambulisha kuwa ya kundi la kwanza baada ya lile la mwanzo, katika mpangilio wa kawaida wa bloku za baiti 4,096, anarudi nyuma baiti 134,217,728 na kuufikia mwanzo halisi. Programu kama TestDisk, ambayo Christophe Grenier wa Ufaransa aliianza mwaka 1998, hufanya msako huu kwa kasi isiyolingana na jicho la mtu, kisha huonyesha orodha ya mipaka inayowezekana. Kuchagua katika orodha hiyo kunabaki kuwa juu ya binadamu.

Nikiutazama ufundi huu, naona pia wema wa watu waliotangulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Marshall Kirk McKusick na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walibuni mfumo wa mafaili wa Unix uliokuwa na nakala nyingi za superbloku. Walitambua kwamba nakala hizo zikikaa zote kwenye sahani moja ya diski, sahani hiyo ikiharibika zitakufa pamoja. Basi wakazipanga kila moja ikianzia mbele kidogo ya mwenzake, ili zisambae kwenye sahani zote. Hawakumjua mtu yeyote ambaye angeokolewa na mpango huo. Akiba haiozi, na wao waliweka akiba kwa ajili ya wageni. Kila fundi anayerudisha patisheni leo anaila akiba ya namna hiyo.

Ufundi huu una mipaka, na fundi wa kweli humwambia mteja mapema. Mtu akifomati diski ya SSD kwa ext4, chombo cha kufomati kwa kawaida huiambia diski kwamba bloku zote hazihitajiki tena, na diski inaweza kuzifuta kabisa. Patisheni iliyosimbwa kwa LUKS, ikiandikiwa juu pale funguo zake zinapohifadhiwa na pasiwe na nakala, haifunguki kwa ujuzi wowote. Kusema "hapa sina la kufanya" wakati mteja anataka tumaini ni sehemu ya uadilifu wa kazi, sawa na uvumilivu wake.

Mipaka ikishapatikana, inajaribiwa kwenye nakala bila kuandika chochote. Hata kufungua mfumo wa ext4 kwa kusoma tu hakutoshi, maana kerneli inaweza kuurudia ule uandishi uliobaki kwenye jarida la mfumo. Hivyo fundi huongeza chaguo la noload ili jarida lisiguswe. Anafungua saraka, anasoma mafaili machache ya mwanzo na ya mwisho, anayalinganisha na anachoambiwa na wenye mali. Baada ya usiku mzima wa kusoma, ndipo anaandika. Anachokiandika kwenye diski ya mpangilio wa zamani ni zile baiti 64.

Kisha anachapisha jedwali kwa amri ya sfdisk, mistari michache tu ya maandishi, na kuiweka kwenye karatasi ndani ya jalada la seva, pamoja na ratiba ya nakala rudufu ambayo itajaribiwa kweli.

Natamani ufundi huu ufundishwe katika vyuo vyetu kwa bidii ileile tunayofundishia kusakinisha. Haugharimu kitu. Mwalimu hutengeneza faili la gigabaiti moja, hulifanya diski, huligawa patisheni tatu zenye mafaili ndani, kisha hufuta sekta ya kwanza. Mwanafunzi apewe faili hilo, karatasi na kalamu, na akatazwe kuandika hata baiti moja mpaka atakapoeleza mbele ya wenzake kila mpaka uko wapi na amejuaje. Atakayefaulu mtihani huo anaweza kukabidhiwa seva ya hospitali.